MAJI YA KAMBI: MWENYE KUYALINDA APITE MTIHANI



Jioni moja nilipita mbele ya nyumba ya jirani yangu wa kambi. Yeye anatumika kwenye mashini ya maji tangu miaka mingi. Alikuwa ameketi chini ya taa, kaye juu ya magoti, biki mkononi, anapiga hesabu. Vijana wawili waliosimama barabarani wakamcheka: «Baba, unasomea maji? Maji si yanatoka mbinguni bure?» Yeye hakujibu kitu. Aligeuza ukurasa akaendelea.

Kwa kuwa yeye hakujibu, mimi nitajibu kwa ajili yake. Jirani yangu anajitayarisha kwa mtihani wa watu wa maji, ndiyo ekzame ya kupata ruhusa ya kusafisha maji ya kunywa. Wengi katika kambi wanaulizana mtihani huo ni wa nini. Wengine wanasema ni hila ya kuwashusha wazee cheo. Mimi nasema: mtihani ni lazima, hata kwa wazee. Lakini nasema pia kwamba kuna namna nzuri ya kuufanya na namna mbaya. Someni mpaka mwisho, kisha mtahukumu wenyewe.

TUNADAI RUHUSA KWA BARUTI, TUNASAHAU MAJI

Katika mgodi, hakuna mtu anayekubali baruti ishikwe na mtu asiye na ruhusa. Hakuna anayepanda kamyoni ya kompani kama shofere hana permi. Mtu wa mashini ya kushusha watu katika shimo, tunataka kujua kama amefundishwa na kama amejaribiwa. Sababu gani? Kwa maana akikosea mara moja, watu wanakufa.

Sasa niambie, ndugu msomaji: baruti inaingia nyumbani mwako? Haiingii. Lakini maji yanaingia asubuhi na jioni. Yanaingia katika uji wa mtoto, katika chupa ya mtoto mchanga, katika kikombe cha mgonjwa aliyelala lopitali. Mtu mmoja anayetumika usiku peke yake kwenye mashini ya maji ameshika uzima wa kambi nzima mkononi. Na huyu ndiye tunayetaka atumike bila mtihani?

Katika inchi yetu ya shaba, neno hili si geni. Zamani za Union Minière, katika miaka ya 1910 na ya 1920, magonjwa ya kuhara damu, tifo na mapafu yaliua wafanyakazi wengi sana katika makambi. Wazee wetu walizikwa kwa wingi kabla ya makambi kupata nyumba nzuri, waganga na maji safi. Tangu mwisho wa miaka ya 1970, kolera nayo imefanya makao upande wa mashariki wa inchi, kando ya maziwa makubwa. Mwaka 1994, kule Goma, wakimbizi waliotoka Rwanda walikufa karibu 50 000 katika mwezi mmoja tu, na wengi wao waliuawa na kolera na kuhara. Mwaka 2008, kolera ilipiga Lubumbashi na Likasi. Haikuuliza mtu cheo chake. Iliingia kwa kapita na kwa mfanyakazi wa chini sawasawa.

MAMBO YALIYOTOKEA WALKERTON

Labda utasema: «Hayo ni mambo ya inchi maskini.» Basi, sikia habari ya inchi tajiri.

Katika jimbo la Ontario, inchi ya Kanada, kuna mji mdogo unaoitwa Walkerton. Mwaka 2000 ulikuwa na watu karibu 4 800. Ulikunywa maji ya visima vilivyochimbwa, na maji hayo yalipaswa kutiwa klori. Wakubwa wawili wa mashini ya maji walikuwa ndugu wa tumbo moja, watu wa mji wenyewe, wenye kujua kila tiyo na kila valvu. Wote wawili walikuwa na karatasi ya ruhusa. Lakini angalia vizuri: walipewa karatasi hiyo kwa sababu ya miaka yao ya kazi. Hawakupita mtihani hata mmoja.

Kila siku walipaswa kupima klori iliyobaki katika maji. Siku nyingi hawakupima. Waliandika tu katika kaye namba zilezile, 0,5 ao 0,75, ili karatasi ionekane nzuri. Walikuwa watu wabaya? Hapana. Wao wenyewe walikunywa maji ya kisima yasiyotiwa klori, kwa maana waliyaona meupe na matamu. Waliamini kabisa kwamba maji yao hayawezi kuua mtu. Hawakujua kazi ya klori.

Mwezi wa tano mwaka 2000 mvua kubwa ilinyesha siku nyingi. Maji ya mvua yalichukua vijidudu kutoka samadi ya ng'ombe iliyotiwa shambani, yakaingia katika kisima kimoja kisicho na kina kirefu. Klori ilikuwa kidogo mno. Tarehe 17, laboratwari ilitoa habari kwamba maji ni machafu. Mkubwa wa maji aliificha habari hiyo. Watu wa afya walipomuuliza, aliwaambia maji hayana neno. Tarehe 21 watu wa afya walitangaza kwa nguvu yao wenyewe: chemsheni maji! Lakini sumu ilikuwa imekwisha kuingia tumboni. Watu 2 300 waliugua. Watu 7 walikufa.

Jaji Dennis O'Connor alichunguza jambo lote, akatoa maneno yake mwaka 2002. Alionyesha wazi kwamba kama klori ingalipimwa kila siku kwa ukweli, ugonjwa ungalikuwa mdogo sana kuliko ulivyokuwa. Kipimo kile ni kazi ya dakika chache tu! Kisha mambo hayo Ontario ilitunga sheria mpya ya maji, na wale wote waliopata karatasi kwa sababu ya miaka ya kazi peke yake walilazimishwa kupita mtihani. Wale ndugu wawili walihukumiwa mwaka 2004.

WAZEE WANASEMA: KARATASI HAISAFISHI MAJI

Ninajua jibu la wazee wa kazi. Wanasema: «Mimi nilishika pompi hii wakati mkubwa wangu alikuwa angali anajifunza a, e, i. Ninaisikia kwa sikio ikianza kuugua. Karatasi haisafishi maji.»

Mzee, umesema kweli. Karatasi haisafishi maji. Mimi mwenyewe nimewaona vijana wenye diploma wanaoogopa kufungua valvu. Sikio lako ni mali ya kompani, na siku litakapokwenda kupumzika tutalililia.

Lakini sikio linasikia pompi, halisikii kijidudu. Jicho linaona matope, halioni kolera. Katika glasi moja ya maji meupe kama kioo mnaweza kuwamo mamilioni ya vijidudu. Kazi ya miaka 20 inafundisha mambo yaliyotokea katika miaka hiyo 20. Jambo ambalo halijatokea bado, nani atakufundisha kama si masomo? Watu wa Walkerton nao walikuwa na miaka mingi ya kazi. Miaka hiyo iliwafundisha kwamba hakuna hatari, kwa maana hatari ilikuwa haijafika.

MTU WA MAJI ANAPASWA KUJUA NINI?

Nitatoa mfano mmoja, ili mama na vijana nao waelewe kile ambacho jirani yangu anaandika katika kaye yake.

Kuna tangi lenye urefu wa meta 10, upana wa meta 5, na maji yamepanda meta 2. Mara mara mara: hayo ni m³ 100, ndiyo litri 100 000. Mkubwa anasema tia klori gramu 2 kwa kila m³. Basi inatakiwa gramu 200 za klori. Fundi asiyefundishwa anapima gramu 200 za ule unga mweupe tunaouita HTH, anatia, anakwenda kulala.

Amekosea! Ule unga si klori yote. Katika HTH ya 70 kwa 100, gramu 200 za unga zina gramu 140 za klori tu. Ilifaa kugawanya 200 kwa 0,70, yaani kutia unga karibu gramu 286. Utasema kosa ni dogo. Haya, tuendelee. Maji yenyewe yana uchafu unaokula klori. Tuseme uchafu huo unakula gramu 1,3 kwa kila m³. Aliyepiga hesabu vizuri anabakiwa na 0,7 ya kulinda maji katika tiyo mpaka robine ya mwisho. Aliyekosea anabakiwa na 0,1. Mvua ikinyesha na uchafu ukizidi kidogo, anabakiwa na sifuri. Na maji yake usiku huo yanaonekana meupe sawasawa na ya mwenzake.

Tena klori inahitaji muda. Sheria ya Shirika la Afya la Ulimwengu inasema maji yakae na klori dakika 30 kwa uchache, na 0,5 ibaki kwa kila litri, kwa kipimo cha miligramu. Na kwenye robine ya mtu isipungue 0,2. Tangi letu la m³ 100 likitoa m³ 200 kwa saa moja, maji yanakaa ndani dakika 30. Likitoa m³ 400, yanakaa dakika 15 tu. Tena ikiwa tiyo ya kuingia na tiyo ya kutoka ziko karibu karibu, maji yanapita njia ya mkato, hayakai hata hizo dakika 15. Mambo haya hayaonekani kwa jicho. Yanaonekana kwa hesabu.

Kuna jambo jingine la kwetu sisi wa shaba. Klori inaua vijidudu, lakini haiondoi metali. Maji yaliyoingiwa na shaba, kobalti ao asidi hayaponi kwa klori, hata utie mfuko mzima. Hayaponi kwa kuchemshwa pia. Mtu wa maji anapaswa kujua kutofautisha magonjwa hayo mawili, na kujua wakati wa kufunga valvu na kumwita mkubwa.

Na uzima wake mwenyewe? Asidi iko kila pahali katika mausine yetu. HTH ikikutana na asidi inatoa gazi ya klori, nayo inachoma mapafu. Kwa hiyo ndoo iliyobeba asidi isibebe HTH hata siku moja. HTH isikae karibu na mafuta ao esansi, inaweza kuwaka moto. Unga unatiwa ndani ya maji. Maji hayamwagwi juu ya unga. Na gazi ya klori ni nzito kupita hewa, inakaa chini: ikitoka, usiiname, usikimbilie shimoni, panda juu, upande unakotoka upepo. Mtihani unaouliza maneno haya unaokoa kwanza huyo anayejibu.

NAMNA YA KUJITAYARISHA

Ndugu unayejitayarisha, pokea mashauri haya.

Kwanza, anza kwa miguu yako. Tembea toka pahali maji yanapoingia mpaka robine ya mwisho ya kambi. Chora kila kitu katika kaye: pompi, tangi la kutuliza matope, filtri, tangi la klori, valvu. Kando ya kila kitu andika maneno mawili: kinafanya nini, na kikifa kutatokea nini. Aliyejua mashini yake hivyo amekwisha kujua nusu ya mtihani.

Pili, piga hesabu moja kila siku. Usipige kumi siku ya Jumapili na kupumzika siku sita. Wengi hawaanguki juu ya akili ndogo. Wanaanguka kwa kuchanganya litri na m³, miligramu na gramu. Kumbuka hili tu: miligramu 1 kwa litri ni gramu 1 kwa m³.

Tatu, jaribu kwa mikono. Chukua glasi sita za maji ya matope, tia sulfati ya alumini kidogo katika ya kwanza, ongeza katika ya pili, ongeza tena mpaka ya sita. Koroga kwa nguvu, kisha polepole, kisha acha yatulie. Utaona mwenyewe glasi gani imesafika vizuri. Mara nyingi si ile iliyotiwa dawa nyingi kupita zote.

Ine, someni watatu watatu: mzee mmoja na vijana wawili. Mzee anajua mashini, vijana wanajua kusoma. Kuuliza si ujinga.

Tano, andika namba ya kweli. Ukipima klori ukakuta sifuri, andika sifuri, na itangaze. Kama hukupima, acha nafasi nyeupe. Nafasi nyeupe ni kosa la siku moja. Namba ya uongo ni mtego uliotegewa watoto.

NENO KWA WAKUBWA WA KAZI

Nimesema kuna namna mbaya ya kufanya mtihani. Namna mbaya ni kuwapa watu kitabu cha Kifaransa siku ya Ijumaa, na kuwaita mtihanini siku ya Jumatatu. Hapo hampimi ujuzi wa maji, mnapima Kifaransa. Kuna mzee anayejua kuosha filtri kupita kitabu, lakini neno la Kifaransa linamfunga mdomo.

Basi mimi naomba mambo matatu. Sehemu moja ya mtihani ifanywe kwa mdomo na kwa mikono, mbele ya mashini, katika Kiswahili. Mwenye kujitayarisha apewe saa za kusoma ndani ya kazi, si baada ya usiku wa zamu peke yake. Na anayeanguka mara ya kwanza asifukuzwe wala asipunguziwe franga: atumike chini ya mwenzake aliyepita, asome, arudi kujaribu tena. Lakini asiachwe peke yake usiku na klori mpaka apite. Hapo sitaki huruma. Huruma kwa mtu mmoja isiwe hatari kwa kambi nzima.

Tena, mtihani bila vitu vya kazi ni mchezo. Mtu aliyefundishwa kupima klori, halafu hana dawa za kupimia, mtampimisha kwa ulimi?

NA SISI NYUMBANI

Mama wa nyumba, wewe pia una sehemu yako. Maji yakinuka klori kidogo, usinung'unike: harufu hiyo ni askari aliyesimama mlangoni. Bidoni ioshwe na ifunikwe, kikombe cha kuchotea kisilale chini. Maji yakibadilika rangi, tuma habari upesi kwenye servisi ya maji. Wakitangaza kuchemsha, chemsha mpaka yabubujike vizuri kwa dakika moja.

Baba, usitoboe tiyo kwa kuvuta maji ya bustani. Umeme ukikatika na pompi ikisimama, nguvu ya maji inashuka, na tundu lako linanyonya maji machafu ya mfereji. Yanakwenda wapi? Kwa jirani yako, kisha kwako.

Na wale wenye baba, mume ao kaka anayesoma kwa mtihani: mpeni kimya. Mpeni taa. Mtoto wa shule amwulize hesabu, naye amwulize mtoto. Si haya kwa mzee kujifunza na mtoto wake. Haya ni kuficha usichokijua mpaka watu waugue.

Jana jioni nilipita tena pale. Jirani yangu alikuwa na kaye yake, lakini hakuwa peke yake. Kijana mmoja wa wale waliomcheka alikuwa ameketi karibu, anamsomea maswali kwa Kifaransa, na mzee anamwelezea kwa Kiswahili maji yanavyosafishwa. Sijui nani alikuwa mwalimu na nani mwanafunzi. Niliwasalimu, nikaenda nyumbani, nikafungua robine, nikanywa.

Ndugu msomaji, kesho asubuhi utakapojaza kikombe chako, mfikirie mtu aliyekesha usiku kwa ajili ya kikombe hicho. Umtakie mtihani mwema. Lakini umtakie pia asipite kama hajui.